Amepanga au amepangiwa?

Juzi nimemsikia tena mtu akimsema mzazi aliyetoka hospitali: "Huyo alipanga upasuaji, hakutaka uchungu." Kumbe kondo la nyuma lilikuwa limeziba mlango wa kizazi.

Maana ya upasuaji wa kujifungua ni fupi: mtoto hutolewa kwa kupasua tumbo na mji wa mimba. Jina la kigeni, sizeria, wengi hudai limetokana na Julius Kaisari, mtawala wa Roma ya kale, kuzaliwa hivyo. Sidhani. Mama yake, Aurelia, aliishi hadi mwanawe akawa mtu mzima, na zama zile aliyepasuliwa kwa kawaida alikuwa ameshakufa au yu mahututi. Afadhali kitenzi cha Kilatini caedere, yaani kukata.

Kinachoniudhi ni "kupangwa". Upasuaji wa kupangwa ni uliowekewa siku kabla ya uchungu kuanza, basi. Neno halisemi nani alitaka. Mwenye kondo lililoziba njia akingoja uchungu atavuja damu. Ila kwa kuwa tatizo limeonekana mapema, hupewa tarehe. Mtoto aliyelala mkingamo vivyo hivyo, na mama mwenye makovu kadhaa ya upasuaji uliopita. Wa dharura nao si lazima watu wakimbizane na machela. Ni ule ambao haukuwa kwenye ratiba: uchungu umekwama, au mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka. Mwingine unaweza kungoja kidogo, mwingine hauna hata dakika za kupoteza. Anayejiombea bila sababu ya kitabibu yupo pia, lakini huo huitwa upasuaji kwa ombi la mama.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema upasuaji umefikia 21% ya uzazi wote duniani, kutoka karibu 7% mwaka 1990. Papo hapo wanawake wakaitwa wavivu! Lakini zipo sababu nyingine: kovu la kwanza huita la pili, madaktari huogopa kushtakiwa, na hospitali nyingine hulipwa zaidi kwa kisu kuliko kwa subira. Tena Afrika kusini mwa Sahara kiwango kilikuwa 5% hivi. Huko wapo wanaokihitaji kisu na hawakipati.

Kwa hiyo, ndugu yangu, yule mzazi hakupanga. Alipangiwa. Silabi hiyo moja usiimeze unapomsimulia.