Dhana Potofu Kuhusu Masomo ya Ng'ambo kwa Mwanafunzi wa Unguja na Pemba

Wazanzibari hawakuanza jana kwenda masomoni ng'ambo. Kabla ya 1964 walikwenda Makerere, Cairo na London, na baada ya Mapinduzi wengi wakaelekea Ujerumani Mashariki, China na Umoja wa Kisovieti. Katika safari nyingi za baada ya Mapinduzi, serikali ndiyo iliyoamua nani aende, akasome nini na wapi, na kazi ya mwanafunzi ilikuwa kufunga mizigo. Utaratibu huo kwa sehemu kubwa umekwisha, lakini fikra zake zimebaki: wapo wazee na vijana wanaoamini mpaka leo kwamba mtu hupelekwa, ilhali siku hizi mtu hujiombea mwenyewe, na kinachomwangusha mara nyingi ni karatasi na tarehe hata kama alama zake ni nzuri.

Dhana ya kwanza inatoka hapo hapo, nayo ni kwamba bila ya mtu wa kukushika mkono, au wakala wa kulipwa, ufadhili haupatikani. Ukweli ni kwamba ufadhili mwingi unaotajwa sana hapa Visiwani huombwa na mwanafunzi mwenyewe mtandaoni. Ule wa serikali ya Uturuki kwa kawaida hufunguliwa tarehe 10 Januari na kufungwa 20 Februari, kuomba ni bure, na kwa shahada ya kwanza mwombaji anatakiwa awe chini ya miaka 21. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Matokeo ya Kidato cha Sita hutoka mwezi wa Julai, nao husubiri matokeo ndipo waanze kutafuta. Kumbe Uturuki hupokea maombi ya aliye bado mwaka wa mwisho wa skuli, na anayengojea Julai ameshapoteza mwaka mzima, na pengine umri umempita pia. Chevening, ambayo ni ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa upande wake haiwahusu wanaotoka skuli: ni ya shahada ya uzamili, inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na inamtaka aliyefadhiliwa arudi nyumbani kwa muda usiopungua miaka miwili. Mawakala nao si wote matapeli. Baadhi yao hulipwa na vyuo kwa kila mwanafunzi wanayemwandikisha, na hiyo ni sababu tosha ya kujiuliza kwa nini chuo kile kile ndicho wanachokisifu kila siku. Ama wakala anayeahidi viza, huyo anauza asichokuwa nacho, kwa kuwa viza hutolewa na serikali ya nchi inayohusika na si mtu mwengine.

Dhana ya pili ni kwamba majina ni jambo dogo, yatarekebishwa baadaye. Kwa maoni yangu hii ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote, na ajabu ni kwamba haizungumzwi. Tuseme kijana ana cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa Mohammed Juma Haji, cheti cha Kidato cha Nne kinachosema Muhamed Juma Haji, na kitambulisho kinachomwita Mohamed J. Haji. Mtaani kwao hakuna anayeshangaa, kwani wote hao ni mtoto wa Juma. Kwa ofisa wa udahili aliyeko Ankara, ambaye hajapata kumwona, hao wanaweza kuwa watu watatu. Juu ya hayo, fomu za nje huuliza jina la ukoo, na kwetu jina la tatu mara nyingi ni la babu. Anayejaza la baba katika fomu hii na la babu katika fomu ile anajiongezea mtu wa nne. Jina lililosajiliwa kwa mtihani wa taifa ndilo litakalomfuata mwanafunzi, kwa hiyo ni busara pasipoti iandikwe kwa tahajia hiyo hiyo, herufi kwa herufi, na tofauti zitakazobaki zielezwe kwa kiapo cha kisheria kabla fomu ya kwanza haijajazwa. Pasipoti ya kielektroniki hukatwa kwa shilingi 150,000 na hudumu miaka 10, na kuikata upya kwa sababu ya herufi moja ni kuilipia mara ya pili. Kwa anayetoka Wete au Mkoani hasara ni kubwa zaidi. India, China na Oman zina ofisi za kibalozi Unguja, lakini balozi nyingi ziko Dar es Salaam, na hati moja iliyokosewa ina maana ya kupanda boti tena, nauli tena, na kutafuta pa kulala tena.

Kisha kuna fedha. Inasemwa kwamba Ujerumani kusoma ni bure, na maneno hayo yana nusu ya ukweli. Vyuo vikuu vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linawatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Tatizo liko kwingine: asiyekuwa na ufadhili huonesha uwezo wake wa kifedha anapoomba viza, kwa kawaida kwa kuweka katika akaunti maalumu iliyofungwa kiasi cha mwaka mzima, ambacho tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, naye huruhusiwa kutoa euro 992 kwa mwezi. Kwa hiyo ada inaweza kuwa bure na mlango ukawa bado umefungwa.

Wanaosikia hivyo hujibu kwamba watafanya kazi huko huko. Marekani humruhusu mwanafunzi mwenye viza ya F-1 kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Uingereza nayo, kwa wanafunzi wengi wa shahada, ina kikomo cha saa 20. India, wanakokwenda vijana wetu wengi, viza ya mwanafunzi hairuhusu ajira. Isitoshe, anayeomba viza hutakiwa kuonesha fedha kabla ya kuondoka, na mshahara wa kazi ambayo hajaipata hauhesabiwi. Familia inayouza shamba la mikarafuu ikitegemea kwamba kijana atalipa mwenyewe kuanzia mwaka wa pili imejiweka pabaya.

Kuhusu Kiingereza niseme kwa ufupi: matokeo ya IELTS na TOEFL, yaani mitihani ya kupima Kiingereza cha mwombaji, hudumu miaka miwili, hivyo kuwahi mno ni hasara kama ilivyo kuchelewa.

Wengine huamini kwamba shahada ya nje hupokelewa tu mtu akirudi. Shahada hiyo hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ili itambuliwe, na tume huangalia kama chuo chenyewe kinatambulika katika nchi yake. Swali hilo huulizwa kabla ya kulipa ada ya kwanza. Kwa wanaosomea udaktari kuna hatua ya ziada, kwa kuwa kutibu watu kunahitaji usajili wa baraza la taaluma, na shahada peke yake haitoshi.

Iliyobaki inawahusu walio vyuoni tayari, wanaodhani kwamba kusoma nje ni lazima uache kila kitu nyumbani. Tangu 2023 chuo cha India cha IIT Madras kina kampasi yake Bweleo, hapa hapa Unguja. Aidha, mpango wa Umoja wa Ulaya wa Erasmus+ humwezesha mwanafunzi kukaa chuo cha Ulaya kwa muhula mmoja au miwili, akilipwa posho ya kila mwezi bila ya kutozwa ada na chuo kinachompokea, ilimradi chuo chake kiwe na mkataba na chuo hicho na kimteue. Masomo atakayoyasoma huko huandikwa katika makubaliano yanayosainiwa na mwanafunzi na vyuo vyote viwili kabla hajasafiri. Somo lisiloandikwa humo linaweza lisihesabiwe katika shahada yake, hata akilifaulu.