Nigeria Haigawanyiki kwa Mstari Mmoja wa Dini

Kila siasa za Nigeria zinapochemka mitandaoni, hurudi dai lilelile: kaskazini Waislamu, kusini Wakristo. Si kweli. Kwa Wayoruba wa kusini-magharibi, ndugu wa tumbo moja huweza kuachana mlangoni, huyu msikitini, yule kanisani, na sikukuu wakala pamoja. Rais Bola Tinubu ni Mwislamu wa kusini. Mkewe, Oluremi, ni mchungaji. Moshood Abiola, aliyeongoza kura za urais za Juni 12, 1993 kabla jeshi halijazifuta, alikuwa Mwislamu wa Abeokuta, mji wa kusini-magharibi, na mgombea mwenza wake, Baba Gana Kingibe, Mwislamu pia. Na Yakubu Gowon, aliyetawala 1966 hadi 1975? Mkristo, tena mzaliwa wa kaskazini, jimbo la Plateau, ambako Wakristo ni wengi mno.