Mkono wa Serikali hauishii ZBC

Wapo wengi Unguja na Pemba wanaoamini kwamba ushawishi wa Serikali katika utangazaji unaishia kwenye Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC, na kwamba kituo kikishakuwa cha mtu binafsi au cha jamii, kama Redio Jamii Micheweni, basi kiko huru kabisa. Dhana hiyo si sahihi. Vituo vyote hivyo husimamiwa na Tume ya Utangazaji Zanzibar, chombo cha Serikali kilichoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1997, na anayetoa leseni ana uwezo wa kuisimamisha. Kwa hiyo mhariri huweza kujizuia mwenyewe kabla hajazuiliwa, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo linalomnyima msikilizaji habari nyingi zaidi. Hata hivyo, Ibara ya 18 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda haki ya kutafuta na kupokea habari, na haki hiyo ni ya msikilizaji wa Makangale, Pemba, sawasawa na wa Mji Mkongwe, awe anasikiliza redio ya Serikali au nyengine yoyote.