Msaada wa kujenga upya haupimwi kwa ukubwa wa hasara

Wengi huamini kwamba aliyepoteza nyumba kubwa zaidi ndiye hupata zaidi. Sivyo. Baada ya tetemeko la Nepal la Aprili 2015, ruzuku ya kujenga upya ilikuwa rupia 300,000 kwa kila kaya iliyostahili, ghorofa au kibanda.

Wahandisi walipanga uharibifu kwa madaraja, la 1 hadi la 5. Nyumba za daraja la 4 na la 5 zilihesabiwa za kujengwa upya. Lakini ukiwa na nyumba nyingine inayokalika, hukustahili. Hati ya ardhi nayo ilitakiwa, na hapo ndipo wanyonge walipoumia: mpangaji, au kaya iliyoishi miaka mingi kwenye kiwanja kisicho na hati.

Fedha zilitoka kwa awamu: 50,000 baada ya kusaini mkataba, 150,000 msingi ukikamilika, 100,000 kuta zikifika usawa wa paa. Kila hatua ilikaguliwa. Anayejenga kwa mawe na udongo bila mikanda ya kufunga kuta pande zote alikwama, hata kama jina lake lilikuwamo kwenye orodha. Aliyetumia awamu ya kwanza kwa chakula hakuwa na cha kumalizia msingi.