Kwa nini shujaa wa gemu huwa ni mwanamume, tena mzungu?

Kwenye vibanda vya gemu vya Kondele, Kisumu, jioni pedi za kuchezea gemu hupokezwa kwa zamu na mwenye kibanda macho kwenye saa. Mara nyingi ni kandanda. Ila mtaje CJ, kijana mweusi ambaye ni shujaa wa gemu ya San Andreas ya mwaka 2004, uone kaka wakubwa wanavyochangamka. Waombe basi wakutajie shujaa mwingine mweusi. Wanakuna kichwa.

Kisa kilianzia kwenye rafu za maduka. Mwaka 1983 soko la gemu Marekani liliporomoka. Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, ilipoingia huko 1985 ilijiuza kama kampuni ya vitu vya kuchezea watoto, ikatia hata karoboti ndani ya boksi. Na maduka hayo yalikuwa na upande wa wavulana na wa wasichana. Gemu zikapangwa kwa wavulana, matangazo nayo yakafuata huko huko. Katika gemu ya Metroid ya 1986, shujaa wake Samus alifunikwa helmeti mwanzo hadi mwisho. Aliyemaliza haraka ndiye tu aliyeonyeshwa kwamba kumbe ni mwanamke.

Mazoea yakageuka sheria ya wenye pesa. Studio ya Dontnod, Paris, ilipozunguka na gemu yake Remember Me ikitafuta kampuni ya kuitoa, ambayo shujaa wake ni Nilin, mwanamke mwenye damu mchanganyiko, kampuni kadhaa ziliikataa: zilitaka mwanamume. Kampuni ya Capcom ndiyo iliyoitoa, mwaka 2013. Eti mwanamke hauzi! Lara Croft, shujaa wa kike wa gemu za Tomb Raider, alikuwa ameuza mamilioni tangu 1996. Hata kandanda ilichelewa: timu za wanawake ziliingia kwenye gemu ya FIFA 16, mwaka 2015, nazo zilikuwa 12 tu.

Sababu nyingine ni nani ameshika kalamu. Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ndiye sauti ya Bayek, shujaa Mmisri wa gemu ya Assassin's Creed Origins ya 2017. Baada ya kufiwa na baba yake alianzisha studio, na mwaka 2024 ikatoa gemu ya Tales of Kenzera: Zau. Zau ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake. Unaweza kuicheza yote kwa Kiswahili. Miezi michache baadaye, studio hiyo ilianza kupunguza wafanyakazi.