Maumivu ya jino la implanti: yale tunaambiwa mtaani na vile mambo yako kwa ukweli

Shangazi yangu aliwekewa implanti hapa Kisumu, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na skrubu ya titaniamu ndani ya mfupa wa taya, gego la chini kushoto, na hata kabla ganzi haijaisha majirani wa Kondele walikuwa washaingia, huyu na kitunguu saumu, yule na karafuu, mwingine na mukombero, ule mzizi wa kutafuna, ametoka nao Kakamega. Nia yao ilikuwa nzuri kabisa. Lakini mambo mengine waliyomwambia yanaumiza mtu, na nimeona niyaandike vizuri.

Dhana inayotesa watu zaidi ni hii ya vumilia kwanza, dawa utameza ikizidi. Hapana. Ganzi huisha kama masaa 2 hadi 4 hivi, na dawa ya maumivu inataka muda ndiyo ishike, kwa hivyo unameza ya kwanza bado mdomo haujaamka, halafu unafuata masaa vile daktari ameandika hasa zile siku 2 au 3 za kwanza, usingoje mpaka unalia saa nane usiku. Na wengi wanaogopa kuchanganya Brufen na Panadol, wakidhani ni sumu, kumbe zinafanya kazi kwa njia tofauti na kwa maumivu ya meno zikienda pamoja zinasaidia kuliko moja pekee. Mtu mzima mara nyingi huandikiwa Brufen ya miligramu 400 baada ya kula, na Panadol za miligramu 500 mbili, ila Panadol zisipite 8 kwa siku nzima, na uhesabu pia ile iliyo ndani ya dawa ya homa. Kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, pumu, mimba au unakunywa dawa za presha, Brufen usiguse kabla hujauliza. Na soma nyuma ya pakiti, dawa nyingine za dukani zina aspirini ndani na hiyo inaongeza damu kutoka.

Ati antibayotiki inatoa maumivu? Haitoi. Inaua bakteria, basi. Ile Amoxil ilibaki kwa droo tangu mtoto awe na kikohozi iache hapo.

Sasa dawa za asili, na hapa sitaki mtu aseme nadharau, mimi mwenyewe nimelelewa na mwarobaini. Karafuu kweli inatia ganzi, ndani yake kuna yujenoli ambayo hata madaktari wa meno wanaitumia. Shida ni kuweka mafuta yake bila kuyapunguza makali juu ya kidonda chenye nyuzi, yanachoma. Kitunguu saumu ndio kabisa. Shangazi alikiponda akakibandika usiku, asubuhi nikammulika na tochi ya simu, ufizi ulikuwa na doa jeupe kama mahali pamemwagikiwa maji moto, na sasa akawa na maumivu mawili badala ya moja. Mukombero nao ni mzizi mgumu, ukitafuna, nyuzi za mshono zinaguswa, na vipande vya mzizi vinaingia kwa kidonda. Ngoja upone.

Ya asili inayosaidia kweli ni baridi na chumvi. Watu wanasema kanda na maji moto, lakini siku ya kwanza joto linaongeza uvimbe. Sisi tuligandisha pakiti ya maziwa kwa friji, tukaifunga na leso, anashikilia shavuni dakika 15 anapumzisha 15, na usiku akalala na mito miwili kichwa kikiwa juu. Maji ya chumvi yanaanza kesho yake, si siku hiyo, nusu kijiko cha chai kwa kikombe cha maji vuguvugu, unainamisha kichwa tu polepole kisha unaachilia yatoke, ukisukutua kwa nguvu unatoa lile donge la damu linalofunika kidonda. Uji uwe umepoa. Na chang'aa ya kusukutua wacheni jameni, inachoma kidonda, na kama umepewa Flagyl, antibayotiki nyingine hiyo, pombe ni mwiko.

Nyingine ni ati hiyo skrubu ni chuma, itakuuma kila mvua ikinyesha. Titaniamu haina neva. Brånemark, yule daktari wa Uswidi aliyemwekea mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, aligundua mfupa unashikana nayo kabisa, na hiyo inachukua kama miezi 3 hadi 6. Kwa hivyo ukisikia uchungu baadaye, ni ufizi au mfupa unaougua, usikae nao ukilaumu hali ya hewa.

Uvimbe hufika kilele siku ya 2 au ya 3 halafu unashuka, hiyo isikutishe. Shangazi siku ya nne alikuwa amebaki na Panadol ya usiku tu. Ila kama siku hiyo ya nne maumivu ndiyo yanapanda, au kuna usaha, homa, skrubu inacheza, ama mdomo wa chini na kidevu bado vimekufa ganzi siku inayofuata baada ya kuwekewa, panda boda urudi kwa aliyekuwekea. Na ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, hapo ni emajensi ya hospitali, hata kama ni usiku.