Kiongozi wa siasa wa Wadruze si kiongozi wao wa dini

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: eti kiongozi wa siasa wa Wadruze wa Lebanon (jamii ndogo ya Mashariki ya Kati yenye dini yake) ndiye mkuu wa dini yao, na akitamka neno waumini wote wanalazimika kumtii. Si kweli.

Wadruze wamegawanyika makundi mawili. Wapo wachache waliokula kiapo cha dini, wanaume kwa wanawake, wanaosoma vitabu vitakatifu na kuishi kwa masharti makali. Waliobaki, walio wengi, hawavisomi vitabu hivyo. Wanasiasa mashuhuri kwa kawaida hutoka kundi hili la pili. Uongozi wao umejengwa juu ya ukoo, ardhi na kura, na mara nyingi baba humrithisha mwana. Mambo ya dini yana shehe mkuu wake, anayetambuliwa na sheria ya nchi.

Kuhakiki si kazi. Tazama picha: mwanasiasa huvaa suti, wazee wa dini huvaa kilemba cheupe. Kisha angalia mgawanyo wa viti: bungeni Wadruze wana 8 kati ya 128, na viti hivyo hugombewa kwa kura, tena wao kwa wao.

Kinachochanganya watu ni kwamba nchini Lebanon vyeo hugawanywa kwa madhehebu, na picha nyingi humwonyesha mwanasiasa akiwa amezungukwa na mashehe. Nawaelewa wanaoamini. Lakini ujumbe huu huibebesha jamii nzima kauli ya mtu mmoja, na jamii hiyo ina watu wanaoweza kudhurika. Tafadhali, ukikufikia usiusambaze; mjibu aliyeutuma kwa upole.